Afya ya vijana katika kambi ya vakansi kampasini Lubumbashi: mwongozo kwa wasimamizi

Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai, kampasi zinapata wageni wengine. Vijana wa miaka 12 hadi 18 wanakuja kujifunza kompyuta, Kiingereza, hesabu au mijadala kwa wiki mbili au tatu, na wanalala kwenye mabweni ambayo wanafunzi wa chuo wanayaita homu. Mwongozo huu ni wa watu watakaobaki nao usiku na mchana: wasimamizi, muuguzi, mpishi, mlinzi wa mlango.

Shikeni jambo moja tangu mwanzo, maana kila hatua itarudi hapo. Mtoto wa miaka mitano akiumwa analia. Kijana wa miaka kumi na minne akiumwa ananyamaza. Anaogopa kurudishwa nyumbani, anaona haya mbele ya wenzake, anajua pesa za kambi zilipatikana kwa shida. Mkimwuliza kwenye mstari atajibu "Niko muzuri, yaya", na huku homa imefika 39. Kwa hiyo msingoje mgonjwa aje mwenyewe. Utaratibu wa kambi ndio umtafute.

Wiki tatu kabla: fishi ya afya

Fishi, yaani karatasi ya maswali anayoijaza mzazi, mara nyingi ina swali moja: "Mtoto ana ugonjwa gani?" Mzazi anaandika "hakuna", kwa hofu kwamba mtoto atakataliwa. Badilisheni maswali. Ulizeni hivi:

- Anakunywa dawa gani kila siku, na saa ngapi?
- Mara ya mwisho alilala hospitalini lini, kwa sababu gani?
- Kuna mchezo au kazi ambayo munganga (daktari) alimkataza?
- Amewahi kuanguka na kupoteza fahamu? Kubanwa kifua? Kuumwa mifupa wakati wa baridi?
- Kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumtoa vipele? Penisilini, kotrimoksazoli na kwinini ziandikwe kwa majina, mzazi aweke alama.
- Ana kilo ngapi? Dozi zinapimwa kwa kilo. Umri hautoshi, kwa kuwa wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kupishana kilo ishirini.
- Watu wazima wawili wa kupigiwa simu, wasio na simu moja.

Juu kabisa andikeni kwa herufi kubwa kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa kwa sababu ya majibu yake, kisha mlitimize neno hilo. Msiulize wazi kuhusu VVU. Swali la dawa za kila siku linatosha: mzazi anayeamini ataandika, na asiyeamini ataandika angalau saa. Chini kuwe na mstari wa mzazi kuweka saini akikubali mtoto atibiwe haraka kama simu haipatikani. Fishi irudi ndani ya bahasha iliyofungwa, isomwe na muuguzi na mkuu wa kambi peke yao.

Wiki mbili kabla: watu, chumba, gari, sanduku

Wekeni mtu mzima mmoja kwa vijana wanane wenye miaka 12 hadi 14, na mmoja kwa kumi wenye miaka 15 na zaidi. Wasichana walindwe usiku na wanawake. Muuguzi alale hapo hapo kampasini. Muuguzi wa kuitwa kwa simu saa 02:00 usiku ni kama hayupo.

Chumba cha wagonjwa kiwe na vitanda viwili, ndoo, dirisha linalofunguka na choo cha karibu. Kikiwa ndani ya ofisi ya mkuu wa kambi, hakuna kijana atakayeingia.

Nendeni wenyewe, kwa miguu yenu, mpaka hospitali mtakayotumia, iwe Kliniki za Chuo Kikuu, iwe Sendwe, iwe kituo cha afya cha karibu. Ulizeni mlango upi uko wazi usiku, wanadai amana ya kiasi gani kabla ya kumpokea mgonjwa, na kama wana oksijeni na damu. Kiasi hicho cha amana kikae kwenye bahasha mkononi mwa muuguzi. Watoto wanacheleweshwa mlangoni kwa sababu mwenye pesa amelala Ruashi na simu yake imezimika. Gari liwe na mafuta kila jioni, dereva aifanye ile njia mara moja gizani. Iarifuni pia zona ya afya (ofisi ya afya ya eneo lenu) kwamba kambi ipo, ina vijana wangapi, na nani apigiwe.

Sanduku la vijana 60 kwa wiki mbili:

- vipimajoto 2 na betri za akiba
- vipimo vya haraka vya malaria (TDR) 25
- parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 200
- dawa ya malaria ya mchanganyiko, artemeta na lumefantrini, dozi kamili 10
- pakiti za chumvichumvi za kuharisha (ORS) 60
- salbutamoli ya kupuliza, mikebe 2
- kipima sukari na karatasi zake 25, pamoja na kilo moja ya sukari
- benzili benzoeti ya asilimia 25 kwa upele
- glavu 100, shashi, bandeji, dawa ya ayodini ya vidonda, mkasi, tochi
- pedi 150
- klorini ya unga (HTH ya asilimia 70) na kijiko kikubwa cha kupimia

Antibiotiki, sindano za diklofenaki na kwinini ya vidonge zisiwemo. Zikiwemo zitatumika, na zitatumika vibaya. Aspirini pia isiwemo: walio chini ya miaka 16 wasipewe, kwa sababu wakiwa na homa ya virusi inaweza kuwaharibu ini na ubongo.

Siku ya kuingia

Kila kijana apewe dakika tano na muuguzi, mbili za mwisho bila mzazi. Katika hizo mbili ndipo mnasikia habari ambazo fishi haikuandika. Semeni: "Mama ameandika hivi. Kuna kitu wewe mwenyewe ungependa nijue, na kibaki kwangu?"

Pimeni joto. Tazameni katikati ya vidole na viganja, mkitafuta upele. Pokeeni dawa zote mkononi mwa mzazi, zihesabiwe mbele yake, ziandikwe. Hata parasetamoli za mfukoni zitolewe, maana kijana anayezimeza kimyakimya anaficha homa yake siku mbili nzima.

Kwenye kadi ya dawa andikeni saa kwa tarakimu, 08:00 na 20:00. Saa mbili ya Kiswahili na saa mbili ya Kifaransa zinapishana kwa saa sita, na katika mji ambao kila mtu anachanganya lugha zote mbili, dozi itatolewa wakati usio wake. Humu tunaandika saa kwa namna hiyo hiyo.

Dawa za kila siku zitolewe chumbani kwa muuguzi, mlango umefungwa, mmoja mmoja. Msiite majina wakati wa chakula. Kijana anayekunywa dawa za VVU (ARV) akiitwa mara mbili mbele ya meza, mara ya tatu haji, na virusi vinapata nafasi ya kuizoea dawa.

Usiku: baridi na mbabula

Hapa tunakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kufa bila kelele.

Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Homu nyingi zina sakafu ya saruji na vioo vilivyovunjika. Vijana wakisikia baridi watafanya wanachoona nyumbani: wataingiza mbabula ya makala (jiko la mkaa) chumbani na kufunga dirisha.

Makala yanayowaka mekundu bila moshi yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi usioamka. Kinachodanganya ni kwamba zinafanana na malaria au chakula kibovu. Tofauti ni hizi: homa hakuna, na watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa pamoja. Mkiona hivyo, fungueni kila kitu, watoeni nje wote hata anayesema ni mzima, na mwende hospitali wapewe oksijeni. Msitegemee kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kitaonyesha 98 huku mtoto anakufa.

Sheria ni moja na haina nusu: mbabula haivuki kizingiti cha homu, hata ile "iliyokwisha kuzimika". Mlinzi azunguke saa 22:00 na tena usiku wa manane. Lakini sheria bila blanketi haitafuatwa. Kila kijana awe na blanketi mbili, moja ya kulalia na moja ya kujifunikia, kwa kuwa baridi nyingi inapanda kutoka chini ya godoro jembamba. Soksi na kofia ya kulalia ziwe kwenye orodha ya vitu vya kuleta. Chai ya moto au uji saa 20:00. Vioo vilivyovunjika vizibwe kwa katoni, dirisha moja libaki wazi upana wa kiganja. Vitanda viachane mita moja, na wanaopakana walale mmoja kichwa huku, mwingine miguu huku, kikohozi kisipite.

Baridi inaleta shida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Mkiwapangia kuoga saa 05:00, hawataoga. Watajimwagia maji usoni, na wiki ya pili upele unaanza. Hamisheni kuoga kuwe kati ya 14:00 na 16:00, na bidoni za maji zikae juani tangu asubuhi.

Maji, mikono, sufuria

Hesabu kwanza. Vijana 60 wanahitaji lita 15 hadi 20 kila mmoja kwa siku kwa kunywa, kupikia, kuoga na choo. Hiyo ni lita 900 hadi 1,200, yaani bidoni 45 hadi 60 za lita 20. Maji ya kunywa peke yake, kwa lita tatu kila mmoja, ni bidoni 9. Hifadhini ya siku mbili, bomba la REGIDESO likikauka msianze kutafuta visima.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yabubujike kwa dakika moja kamili, au yawekwe kidonge cha klorini: cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu, ngojeni dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, yawekwe vidonge viwili. Chombo kiwe na bomba. Mahali ambapo kikombe kinachochovywa kwa mkono, klorini inafanya kazi ya bure.

Choo kimoja kwa watu 20, sabuni na maji kwenye kila mlango wa choo na wa chumba cha kulia. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa kamba, vinginevyo haifiki jioni.

Bukari na sombe vinavyoliwa vikiwa moto havina shida. Shida iko kwenye masalio. Umeme wa SNEL ukikatika friji inakuwa kabati, kwa hiyo chakula kilichokaa zaidi ya saa mbili kisirudi mezani. Mpishi mwenye kuharisha akae mbali na jiko mpaka saa 48 zipite tangu kuharisha kuisha, na alipwe siku hizo. Asipolipwa ataficha, kama vijana. Munkoyo, kinywaji cha uji na mizizi, inayouzwa getini ndani ya chupa zilizookotwa msiiruhusu: uji ulipikwa, lakini chupa, mizizi na maji ya kuongezea havikupikwa.

Kifungua kinywa kabla ya 08:00 ni lazima. Uji wenye karanga zilizosagwa unafaa. Wengi wanaoanguka kwenye mstari saa 10:30 ni wale waliokunywa chai tupu.

Akiharisha mara tatu ndani ya saa 24, mwanzishieni ORS: pakiti moja kwa lita moja, si nusu pakiti kwa glasi. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Glasi moja baada ya kila safari ya choo, zaidi akitaka. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Choo kikitoka kama maji ya kuoshea mchele, hesabuni ni kipindupindu: hospitali mara moja, ORS ikiendelea njiani, na zona ya afya ipigiwe. Matapishi yamwagiwe klorini kali, kijiko kikubwa kimoja cha HTH ndani ya lita 2. Ya kunawia mikono ni kijiko hicho hicho ndani ya lita 20. Wengi wanageuza vipimo hivi na kuchoma mikono ya watoto.

Kila siku: mnavyowatafuta

Asubuhi kila msimamizi apite kitanda kwa kitanda kabla ya kuamsha. Anayetoka jasho, aliyejikunja, aliye na blanketi la mwenzake juu ya lake, huyo apimwe joto kwanza. Wakati wa chakula atazame sahani, sio nyuso: aliyemgawia jirani nyama yake ana sababu. Jioni, kati ya 18:30 na 19:30, mlango wa muuguzi uwe wazi na kila kijana apite mara moja kila siku ya tatu, zamu kwa majina, awe mzima au mgonjwa. Wote wakipita, hakuna anayeonekana kuwa mgonjwa kwa kupita. Hatua hii ndiyo inayoleta matunda zaidi kuliko vifaa vyote vya sandukuni.

Msiulize "Uko sawa?" Ulizeni "Leo ulikula nini?", "Ulilala saa ngapi?", "Ni wapi panauma hata kidogo?"

Taa zizimwe 21:30, waamke 06:30. Umri huu unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Simu zilale kwa msimamizi.

Homa

Nyuzi 37.5 kwapani ni homa. Fanyeni TDR saa hiyo hiyo, msianze kwa parasetamoli na kungoja kesho. Ikiwa chanya na mtoto anakunywa na kutembea, dozi ya artemeta na lumefantrini ni hii: kilo 25 hadi 34, vidonge vitatu vya 20/120 (miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini) kila mara, kilo 35 na kuendelea, vidonge vinne. Mara ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla mara sita. Apewe pamoja na kitu chenye mafuta, karanga au maziwa, dawa ipate kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, rudieni dozi. Siku ya pili atajisikia vizuri na kutaka kuacha. Muuguzi aone kidonge cha mwisho kikimezwa.

TDR ina udhaifu wake. Inaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria iliyokwisha kutibiwa. Kama alitibiwa hivi karibuni, mpelekeni apimwe damu kwa hadubini. TDR ikiwa hasi na homa ipo, chunguzeni koo, kifua, sikio, mkojo, tumbo, na rudieni kesho.

Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Kwa kilo 40, kidonge kimoja cha 500.

Hospitali bila mjadala: degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, kupumua haraka, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawa, shingo ngumu, kushindwa kukaa peke yake. Homa yenye malengelenge usoni au viganjani inaweza kuwa mpox: chumba cha peke yake, glavu, simu kwa zona ya afya, bila kumtangaza.

Wenye hali za kudumu

SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kongo ina watoto wengi wenye ugonjwa huu, na baridi kavu ya Julai ni adui yao. Kijana wa SS apate blanketi ya tatu, kitanda mbali na dirisha, chupa yake ya maji ajaze mpaka afikishe lita 3 kwa siku, na ruhusa ya kwenda chooni darasani bila kuomba. Asioge maji baridi. Akiteguka mguu asiwekewe barafu kama wenzake. Baridi inaziba mishipa yake. Maumivu yakianza: joto, maji, parasetamoli. Homa ya 38 kwake ni safari ya hospitali usiku huo huo, hata akicheka. Vilevile kifua kuuma, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, mkono kulegea. Wavulana waambiwe waziwazi, na mwanaume, siku ya kwanza: uume ukisimama na kuuma kwa saa mbili bila kulegea, ni dharura, amwamshe muuguzi. Wanalificha hili mpaka madhara hayarudi nyuma.

Pumu. Vumbi, moshi wa taka, moto wa nyasi. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, msichome taka karibu na homu. Mkebe wa salbutamoli ukipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inabaki kooni. Chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, iosheni kwa maji ya sabuni bila kuisuuza, ikaukie yenyewe. Toboeni kitako tundu lenye umbo la mdomo wa mkebe, zibeni kingo kwa plasta. Kijana anashika mdomo wa chupa kwa midomo: pulizo moja, pumzi tano, mara nne. Ngojeni dakika nne, rudieni. Bado anabanwa, gari, na pulizo ziendelee njiani.

Kifafa. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, tazameni saa. Kijiko mdomoni kinavunja meno na hakizuii ulimi kitu. Povu haliambukizi, waambieni wenzake siku hiyo hiyo. Zaidi ya dakika tano, hospitali. Sababu ya kawaida kambini ni kidonge kilichosahaulika na usiku wa kutolala.

Sukari. Insulini ikae ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kivulini. Akitetemeka, akitoka jasho, akizungumza ovyo: vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pimeni baada ya dakika 15, ikiwa chini ya 70 mg/dL rudieni, kisha ale. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni.

Damu ya pua itawapata wengi kwa ukavu wa hewa. Akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 za saa bila kuachia kuchungulia. Kuinua kichwa nyuma kunamfanya aimeze damu na kutapika. Vazelini kidogo puani asubuhi na jioni inapunguza.

Upele ukionekana kwa mmoja, chumba chote kipakwe benzili benzoeti jioni moja, shingoni kushuka hadi nyayo, waoge baada ya saa 24. Nguo zifuliwe na kuanikwa juani, zisizofulika zifungwe kwenye mfuko kwa saa 72.

Wasichana

Pedi zikae wazi kwenye bafu lao, zichukuliwe bila kuomba. Zikikaa ofisini, msichana atatumia kitambaa kibichi na kukosa masomo. Pipa lenye kifuniko, maji ndani ya bafu lenyewe, na kamba ya kuanika vitambaa palipo na jua na pasipo na macho. Pedi ibadilishwe kila saa nne hadi nane. Maumivu ya tumbo: parasetamoli, chupa ya maji ya vuguvugu tumboni, ruhusa ya kulala saa moja. Anayelowesha pedi moja kila saa kwa saa mbili, hospitali.

Moyo na usalama

Hamu ya nyumbani inakuwa kali siku ya pili hadi ya nne, na inakuja kama tumbo kuuma jioni. Simu kwa wazazi ziwe 17:30, kabla ya chakula. Simu ya saa ya kulala inafungua machozi yasiyo na mtu wa kuyakausha. Mpeni kazi yenye watu: kugawa sahani, kushika funguo za maktaba.

Msichana mmoja akianguka darasani na wengine wakamfuata, watengeni vyumba mbalimbali, watazamaji waondoke, sauti ishuke. Pimeni sukari, joto, na ulizeni kuhusu mbabula kabla ya kusema ni hofu au ni mapepo.

Kijana akisema amechoka kuishi, mwulizeni wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandi wazo, linamwondolea upweke. Asiachwe peke yake hata dakika, dawa na kamba ziondolewe, mzazi aje, daktari amwone siku hiyo.

Mtu mzima asikae na kijana mmoja nyuma ya mlango uliofungwa bila mwenzake kujua. Kwenye chumba cha muuguzi wakati wa dawa, msimamizi wa pili akae nje ya mlango. Ikitokea kijana ameingiliwa au amelazimishwa, saa zinahesabika: dawa ya kuzuia VVU ndani ya saa 72, ya kuzuia mimba ndani ya siku tano, mapema ndiyo bora. Asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, asiulizwe mara tano na watu watano. Kwa sheria ya Kongo ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na sheria za 2006 zinaadhibu ukatili wa kingono. Hakuna mbuzi wala dola za kumaliza jambo kifamilia. Mkuu wa kambi anayeketi kwenye kikao cha namna hiyo anamkinga mkosaji.

Siku ya kutoka

Dawa zirudi mkononi mwa mzazi zikiwa zimehesabiwa tena. Kila aliyetibiwa apewe barua fupi: alikuwa na nini, alipata dawa gani, tarehe zipi, TDR ilifanywa lini, ili munganga wa nyumbani asidanganywe na kipimo kilichobaki chanya. Mzazi aambiwe kwamba homa ikitokea ndani ya mwezi unaofuata mtoto apimwe malaria, hata kama alitoka kambini akiimba. Fishi ya afya apewe mzazi ndani ya bahasha yake, au ichomwe mbele yake. Isibaki kwenye droo ya ofisi.